Je, Ni Haki Kumpa Mtu Dawa Ambayo Siri Yake Haijajulikana Yote?

Siku moja ya kupima watoto kilo, katika dispensari ya misioni, mama mmoja kijana alisimama mbele ya meza yetu. Tulikuwa tukiandika majina ya watoto katika kitabu, maana mwuguzi alikuwa peke yake na msitari wa akina mama ulifika barabarani. Mama huyo alikuwa na mtoto wake wa kwanza, wa majuma sita. Akatuuliza kwa sauti ya chini: «Baba, ndani ya ile chupa mna nini?» Tukamjibu upesi, bila kuinua macho: «Ni dawa tu, mama. Haina neno. Mtoto hatasikia kitu.»

Usiku ule paja la mtoto likavimba, likawa gumu kama kokwa, naye akalia mpaka jogoo akawika. Homa ilikwisha kesho yake, lakini donge dogo likabaki chini ya ngozi kwa majuma kadhaa. Siku ya sindano ya pili ilipofika, mama hakuja. Tulimtuma mtoto wa shule aende kumwita. Akarudi na jibu hili: «Mama anasema ninyi ni waongo.»

Wasomaji wapenzi, neno lile lilituchoma. Kwanza tulitaka kukasirika, tukasema: tazama shukrani ya watu! Halafu tulipolipima polepole tukaona kwamba mama ana haki. Hatukumdanganya juu ya faida ya chanjo, maana faida ni ya kweli. Tulimdanganya juu ya uchungu. Tena tulimdanganya juu ya jambo lililo kubwa kuliko uchungu: tulijifanya watu wajuao kilichomo katika chupa, na kumbe hatukujua. Hapo ndipo tulipoanza kusoma na kuwauliza waganga. Na katika kusoma tulikuta jambo ambalo hatukulitazamia, ndilo lililotuletea swali hili. Katika chupa ile mna kitu kimoja ambacho hata wale wanaokitia hawajui vema, kwa karibu miaka mia sasa, ni kwa njia gani chafanya kazi yake.

Tueleze kwanza. Watu wengi wadhani chanjo ni dawa iuayo ugonjwa. Sivyo. Kinini hupigana yenyewe na malaria. Chanjo haipigani na kitu. Kazi yake ni kufundisha. Katika mwili wa kila mtu mna walinzi watembeao katika damu usiku na mchana, na chanjo huwaonyesha sura ya adui kabla adui hajafika, ili siku ya kufika kwake wamtambue pale pale mlangoni.

Chanjo za namna ya zamani zaonyesha adui mwenyewe, aliye hai lakini amedhoofishwa. Hivyo ndivyo zilivyo mpaka leo chanjo za surua, za homa ya manjano na za kifua kikuu. Hata chanjo ya Ebola, ile waliyochanjwa watu zaidi ya 300,000 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri kati ya mwaka 2018 na 2020, ina kijidudu kilicho hai. Si kijidudu cha Ebola, bali kingine kilichovikwa kipande cha ngozi yake. Kijidudu hai chajitangaza chenyewe. Walinzi humsikia mgeni akivunja mlango, wakaamka wote.

Lakini adui hai, hata akiwa dhaifu, aweza kumwumiza mtu ambaye walinzi wake ni wachache. Juu ya hiyo wataalamu walianza kutumia vipande tu: sumu ya pepopunda au ya dondakoo iliyoondolewa ukali, au kipande cha ngozi ya kijidudu, kilichosafishwa sana. Na hapo ndipo matata yalipoanza. Kadiri chanjo inavyozidi kuwa safi, ndivyo walinzi wanavyozidi kuidharau. Wanaona kitambaa cha mwizi kimeanguka njiani, mwizi hawamwoni, kelele hawaisikii, wanapita tu. Sharti mtu apige ngoma, waamke na kukitazama kile kitambaa. Mpiga ngoma huyo ndiye ambaye waganga humwita ajuvanti. Neno latoka katika Kilatini, adjuvare, maana yake kusaidia. Wazee waliotumikia Misa ya zamani hawatalishangaa, kwa kuwa neno adjutorium walilijua kwa moyo. Sisi tutamwita msaidizi.

Namna alivyopatikana ni jambo la kupendeza, wala hakupatikana kwa hekima nyingi. Alipatikana kwa usaha. Katika Ufaransa, mganga wa wanyama aitwaye Gaston Ramon, wa Institut Pasteur, alikuwa akiwadunga farasi sumu ya dondakoo iliyopunguzwa nguvu, ili apate katika damu yao maji ya kuwaponya watoto. Akaona kwamba farasi waliofanya jipu mahali pa sindano walitoa kinga nyingi kuliko wale waliokaa vizuri. Mwingine angewasikitikia farasi wenye majipu na kuwafurahia wengine. Ramon akajiuliza kama jipu lenyewe halikusaidia. Mwaka 1925 akatangaza kwamba alichanganya dawa yake na vitu vya jikoni, kama makombo ya mkate na tapioka, na kinga ikazidi. Tapioka ni unga wa muhogo, wasomaji! Muhogo wetu huu wa bukari uliingia katika elimu ya chanjo kabla wengi wetu hatujazaliwa, wala hakuna aliyetuambia.

Mwaka uliofuata, 1926, huko London, Alexander Glenny na wenzake waliona kwamba sumu ya dondakoo iliyopunguzwa ukali, ikishikamana na shabu, ambayo ni chumvi yenye aluminiamu, yawapa simbilisi kinga kubwa zaidi. Tangu hapo chumvi za aluminiamu ziliingia katika chanjo za dondakoo na pepopunda, na baadaye katika chanjo ya ugonjwa wa ini. Kwa miaka mingi ndizo zilizokuwa karibu peke yake katika kazi hiyo. Zimo katika sindano ile ya majuma sita, na bila shaka zilikuwa na sehemu yake katika donge lile la paja.

Glenny mwenyewe alifikiri kwamba aluminiamu ni kama ghala: yashika chanjo mahali pa sindano na kuitoa kidogo kidogo, ili walinzi wawe na muda wa kuitazama. Maelezo haya ni rahisi, nayo yakaingia katika vitabu vya shule za waganga. Lakini mwaka 2012 wataalamu walichukua panya, wakawadunga chanjo yenye aluminiamu, na baada ya saa mbili tu wakakata na kuondoa mahali penyewe pa sindano, ndiyo kusema ghala lote. Kinga ya panya haikupungua. Basi waalimu walifundisha jambo lile kwa miaka 80, na kumbe ghala si sababu.

Hata kabla ya hapo mtu mmoja alikwisha kusema wazi. Mwaka 1989, katika mkutano wa wataalamu pale Cold Spring Harbor, Marekani, Charles Janeway aliwaambia wenzake kwamba elimu yao ina siri ndogo iliyo chafu: wanasema walinzi hutambua kila kitu kigeni, lakini wakitaka chanjo ifanye kazi sharti watie ndani kitu kingine ambacho hawajui kwa nini chasaidia. Alidhani kwamba walinzi wa kwanza wa mwili wana masikio ya kusikia alama za vijidudu, na kwamba bila alama hizo hawaamki. Alidhani vema. Masikio hayo yalionekana kwanza katika inzi, halafu katika panya na watu, na mwaka 2011 Bruce Beutler, Jules Hoffmann na Ralph Steinman walipewa tuzo ya Nobel juu ya kazi hizi. Janeway alikuwa amekufa tangu 2003. Steinman naye alikufa siku tatu kabla jina lake halijatangazwa. Lakini hata baada ya tuzo hiyo, aluminiamu, msaidizi mzee kuliko wote, haijaeleza siri yake yote. Wengine wasema yaumiza seli kidogo na seli hizo zaita msaada, wengine wakataa.

Sasa twaweza kuuliza swali letu sawasawa. Mganga ajua kwamba dawa yasaidia. Kwa nini yasaidia, hajui yote. Je, ana haki ya kumdunga mtoto asiyeweza kusema ndiyo wala hapana?

Mtu mwenye dhamiri kali atajibu hapana. Atasema: mwenye kutenda gizani anacheza na mwili wa mwenzake. Jibu hili si la kijinga, nasi hatutalicheka. Lakini tutazame kwanza jikoni mwetu.

Muhogo mchungu una sumu, nayo ni sayanidi, inayoweza kuua. Mama zetu na bibi zetu waliuloweka majini siku tatu, wakauanika, wakautwanga, na watoto wakala bukari wakakua. Nani kati yao alijua habari za sayanidi? Hakuna. Walijua kwamba uliolowekwa siku tatu haudhuru, na usiolowekwa wadhuru. Je, tutasema kwamba walitenda dhambi kwa kuwalisha watoto chakula ambacho siri yake hawakuijua? Hakuna mtu mwenye akili atakayesema hivyo. Kujua kwamba kitu chafaa ni elimu ya kweli, ijapokuwa elimu ya kujua kwa nini chafaa haijafika. Kama ingekuwa lazima kujua sababu zote kabla ya kutenda, hakuna mtu angekula, wala angepanda, wala angezaa.

Lakini mfano huu una upande wa pili, nao ndio uliotufundisha zaidi. Katika nchi ya Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo, kuna ugonjwa uitwao konzo. Mtu, mara nyingi mama au mtoto, alala mzima, aamka miguu imekakamaa, wala hatatembea tena vizuri maisha yake yote. Waganga waliochunguza huko Bandundu walieleza mwaka 1992 jambo la kusikitisha: biashara ya muhogo ilipozidi, na malori yakaja kuuchukua kwa ajili ya Kinshasa, watu wengine walifupisha kazi, wakaloweka siku moja badala ya tatu. Kwa nini walifupisha? Kwa kuwa hawakujua siku zile tatu zafanya nini. Waliona ni desturi tu, na desturi yaweza kupunguzwa kidogo pesa zikiwa mlangoni.

Basi tunafikiri hivi. Asiyejua sababu ana ruhusa ya kutenda, lakini hana ruhusa ya kufupisha. Ajuaye sababu aweza kusema: hatua hii ni ya lazima, ile si ya lazima. Asiyejua hana njia ila kuzishika zote, na kutazama, na kuhesabu, na kutazama tena. Ujinga wake haumkatazi kazi, wamwongezea kazi. Kila mara anapobadili kitu, hata kidogo, ni kama anaanza upya.

Kazi za wasaidizi zatuonyesha hivyo kwa uwazi. Jules Freund alitengeneza msaidizi wa mafuta pamoja na vijidudu vilivyokufa vya namna ya kifua kikuu. Ngoma yake ilikuwa na kishindo kikubwa mno: kinga ilipanda ajabu, lakini mahali pa sindano pakafanya vidonda vikali. Wakasema huyu hafai kwa watu, akabaki kwa wanyama wa kupimia. Hawakujua siri yake. Waliona kidonda, ikatosha.

Mwaka 2009, mafua mapya yalipoenea duniani, chanjo mojawapo iliyotumika Ulaya iliitwa Pandemrix. Msaidizi wake alikuwa mchanganyiko wenye mafuta ya ini la papa. Alikuwa amepimwa, tena alikuwa na nguvu. Mwaka 2010 waganga wa Uswidi na Finland wakaona watoto na vijana wachache, kuliko ilivyo desturi lakini, wakipatwa na ugonjwa wa kuanguka usingizini mchana, darasani au mezani. Walihesabu, wakakuta waliochanjwa walipatwa zaidi kuliko wasiochanjwa. Wengine walimshitaki msaidizi. Wengine walishitaki kipande chenyewe cha kijidudu cha mafua. Mpaka leo hawajapatana kabisa. Chanjo ile iliondolewa, na serikali za nchi zile mbili zikalipa fidia. Tunaandika habari hii bila kuificha, ijapokuwa rafiki mmoja alitushauri tuiache, asije mtu akaitumia vibaya. Tulimjibu kwamba mama yule wa dispensari angeisikia siku moja kwa mtu mwingine, na siku hiyo angetuita waongo mara ya pili. Tena habari yenyewe yaonyesha jambo jema: kulikuwa na watu waliohesabu. Madhara yaliyowapata wachache sana yalionekana kwa kuwa kila jina liliandikwa. Tangu tulipolisoma hilo, hatuandiki tena katika kitabu kile kwa haraka.

Na aluminiamu, je? Imehesabiwa kuliko zote. Mwaka 2025 wataalamu wa Denmark walitangaza hesabu ya watoto zaidi ya milioni 1.2 waliozaliwa kati ya 1997 na 2018. Walilinganisha kiasi cha aluminiamu ambacho kila mtoto alipata katika chanjo zake na magonjwa 50 ya kudumu. Hawakuona kwamba waliopata nyingi waliugua zaidi. Dozi moja ya chanjo ina chini ya miligramu 1.25, kiasi kisichoonekana kwenye ncha ya kidole.

Hapa twataka kuwaonya wale wanaoitetea chanjo kwa hoja mbovu. Husemwa mara nyingi kwamba mtoto hupata aluminiamu nyingi katika maziwa kuliko katika sindano, basi hakuna neno. Aluminiamu imo katika maziwa kweli, hata ya mama, na katika maji na udongo na mboga. Lakini tumbo laikataa: chini ya sehemu moja katika mia ndiyo iingiayo damuni, nyingine hutoka. Ya sindano huingia yote, polepole, na mafigo huitoa katika mkojo. Hizo si njia moja. Mwenye kulinganisha hivyo hasemi uongo, lakini hasemi kweli yote, na siku msikilizaji atakapoitambua nusu iliyofichwa, atakataa hata ile nusu nzuri. Hesabu ya Denmark yatosha. Haina haja ya fimbo ya kuegemea.

Pengine mtu atasema: kwa nini basi kuhangaika na wasaidizi? Tuache kabisa vitu visivyojulikana. Kwa huyo tunayo habari ya malaria, nayo yatuhusu kuliko wengi, maana Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wake, baada ya Nigeria. Wataalamu walitengeneza chanjo kwa kipande cha ngozi ya kijidudu cha malaria, na mwaka 1997 walitangaza jaribio dogo. Watu wazima waliokubali wenyewe walidungwa kipande kile kile, lakini pamoja na wasaidizi wa namna tatu mbalimbali. Halafu wote walinyosha mikono yao, wakaumwa na mbu wenye malaria, huku dawa ya kuwaponya ikiwa tayari. Watu sita ambao hawakuchanjwa waliugua wote. Kati ya wanane wenye msaidizi wa kwanza, wakaugua saba. Kati ya saba wenye wa pili, wakaugua watano. Kati ya saba wenye wa tatu, akaugua mmoja.

Kipande kilikuwa kimoja. Adui alikuwa mmoja. Msaidizi peke yake ndiye aliyegeuza saba katika wanane kuwa mmoja katika saba. Na msaidizi huyo wa tatu alikuwa nani? Alichanganywa kwa mafuta, kwa kipande cha ngozi ya kijidudu cha tumbo kilichoondolewa ukali, na kwa maji ya gome la mti wa Chile uitwao Quillaja, ambao wenyeji wa huko tangu zamani walifulia nguo kwa povu lake. Kutokana na jaribio lile, baada ya miaka mingi na marekebisho mengi, ikatoka chanjo iliyoanza kutolewa mwaka 2019 katika Malawi, Ghana na Kenya. Hesabu ya huko yasema kwamba vifo vya watoto wa umri wa chanjo vilipungua kwa sehemu 13 katika mia. Chanjo ya pili, iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, nayo yategemea maji ya mti ule ule, na mwaka 2024 ilifika Kongo Central. Asemaye tuwaache wasaidizi mpaka siri yao ijulikane yote, asimame mbele ya kaburi la mtoto wa malaria na kusema hivyo kwa mama yake.

Twaona basi kwamba kutumia ni haki, kwa masharti tuliyoyataja. Limebaki jambo la kumwambia mtu. Hapa wauguzi wengi wamebishana nasi. Wasema: ukimwambia mama wa kijijini kwamba waganga hawajui siri yote, atakimbia, afadhali kunyamaza, kwa faida ya mtoto. Tunajua kwamba wasemao hivi wana moyo mwema na miguu iliyochoka. Lakini uongo wa kusaidia ni uongo bado, Amri ya nane haina mlango wa nyuma kwa waganga, wala kwa waandishi wa majina. Zaidi ya hayo, uongo huu haudumu hata usiku mmoja. Paja huvimba.

Wenye kukumbuka Bonde la Ruzizi wanajua tunalosema. Mwaka 1958, wakati wa utawala wa Wabelgiji, watu zaidi ya 200,000 katika bonde lile walipewa kwa majuma machache chanjo ya polio ya kunywa, iliyokuwa ikijaribiwa. Baada ya miaka 40 uvumi ulitangazwa, hata katika kitabu kikubwa, kwamba chanjo ile ndiyo iliyoleta Ukimwi. Chupa za chanjo zilizobaki zikapimwa, wala hakikuonekana kijidudu cha Ukimwi wala alama ya sokwe. Uvumi ulikuwa wa uongo. Lakini kwa nini ulipata masikio? Sisi tunadhani watu walioitwa kupanga msitari bila kuambiwa kilichomo hubaki na chumba kitupu moyoni, na chumba kitupu hakikosi mpangaji.

Tena mtu asiyejua kusoma si mtu asiyejua kupima maneno. Mama aliyeloweka muhogo siku tatu bila kujua sayanidi ni nani, yeye ajua vema maana ya kutumia kitu kilichojaribiwa ambacho sababu yake imefichika. Huenda alijua hilo kuliko sisi.

Basi tulikwenda nyumbani kwake. Tulikaa chini ya mwembe, mume wake akaleta kiti, na sisi tukaanza kwa kuomba radhi, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa mtu wa umri wetu mbele ya binti wa umri ule. Tukamwambia kwamba paja litavimba tena, labda. Kwamba kule kuvimba ni walinzi kuamka. Kwamba katika chupa mna vipande vya maadui watano, na chumvi ya aluminiamu ya kupiga ngoma. Akatuuliza, «Na huyo mpiga ngoma, akimaliza kazi, anakwenda wapi?» Tukamwambia habari ya mafigo na mkojo. Akafikiri. «Na kwa nini walinzi wanaamka wakimsikia yeye, na wasiamke kwa adui peke yake?» Tukamwambia, «Mama, hilo bado wanalitafuta.» Alitutazama kwa muda mrefu, halafu akacheka kidogo, akamgeukia mume wake, akasema kwa lugha ya kwao neno ambalo hatukulielewa.

Jumanne alikuja na mtoto mgongoni, akakaa mwisho wa msitari, karibu na mlango. Zamu yake ilipofika alitoa karte mwenyewe, akafungua nguo ya mtoto mwenyewe, akaonyesha paja la upande wa pili. Usiku paja likavimba kama lile la kwanza. Aliliweka kitambaa cha maji ya baridi, wala hakutuma mtu kutuita.